Upande wa Kushoto wa Bibi

Likizo ile Sindano alikuwa na ratiba yake ya kila siku, na hakuna mtu aliyempangia. Akiamka anakuta mama yake keshaondoka zamani, maana mama alifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, na watu wanataka mkate asubuhi, hawataki kusikia habari ya usingizi wa mtu. Sindano anaosha vyombo, anafagia, halafu anafuta vumbi kwenye cherehani ya bibi yake. Cherehani yenyewe ilikuwa haina vumbi. Aliifuta jana, na juzi pia aliifuta. Lakini anaifuta tu. Kisha anatia chai kwenye chupa, anakunja gauni safi la kulalia, anafunga mlango, huyo, anakwenda hospitali.

Jina la Sindano alipewa na huyohuyo bibi. Mtoto alikuwa na miaka kumi na miwili, mrefu, mwembamba, na maneno yake yanachoma. Bibi alikuwa fundi cherehani, na fundi kweli, siyo wale wa kukuambia njoo Jumamosi mwaka mzima. Alikuwa akisema, "Huyu ukimtazama kwa ubavu humwoni, lakini akikugusa utajua yupo." Basi jina likashika, hata mama mtu akasahau kumwita lile la kwenye cheti.

Sasa ilikuwa wiki ya nne tangu bibi apate kiharusi. Alikuwa anatia uzi kwenye cherehani, asubuhi ya kawaida kabisa, mara uzi ukamponyoka, mkono wa kushoto ukalegea na mdomo ukaenda upande. Wakamkimbiza hospitali. Daktari akawaeleza kwamba mshipa wa damu umeziba kichwani, sehemu ya ubongo ikakosa damu, ndiyo maana mwili umelegea upande mmoja. Akasema pia kwamba walifanya vizuri kuwahi. Na kweli, kufikia wiki ya nne bibi alikuwa anasimama, anatembea na mkongojo, na mdomo umerudi mahali pake. Mdomo uliporudi, maneno nayo yakarudi yote, hata yale ambayo wauguzi wangependa yachelewe kidogo.

"Daktari bingwa kafika," mlinzi wa getini alimwambia Sindano siku hiyo, kama alivyomwambia kila siku. "Leo unapasua wangapi?"

"Naanza na wewe, nikupunguze hicho kitambi."

"Pita, pita huko. Mtoto huna adabu hata chembe," mlinzi akasema, huku anacheka.

Wodini bibi alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya kitanda, anangoja. "Umechelewa, mke mwenza," akasema. Ndivyo walivyoitana, bibi na mjukuu, kwa utani, kila mmoja anadai babu ni mume wake, ingawa babu mwenyewe alifariki kabla Sindano hajazaliwa. Bibi alikuwa akisema, "Afadhali mimi niliolewa kwanza. Wewe umeolewa na picha ya ukutani."

Siku hizo maneno ya bibi yalikuwa yakianza na utani na kuishia palepale, kwenye kutaka kurudi nyumbani. "Mke mwenza, nitoe hapa. Kitanda hiki si changu. Usiku mzima nasikia mtu anakohoa, na mimi nakohoa ili asijione mpweke." Sindano anacheka. Halafu muda wa kuona wagonjwa ukiisha, akifika mlangoni akageuka, anamwona bibi anajifuta macho kwa kiganja. Anajifuta jicho moja tu, la kulia. La kushoto linabaki na chozi lake.

Sindano aliliona hilo, hakulitilia maanani. Kulikuwa na mengine ya namna hiyo. Bibi akichana nywele, anachana nusu, nusu nyingine inabaki imesimama kama ya mtu aliyetishwa. Akivaa sweta, mkono wa kulia unaingia, wa kushoto anausahau. Na chakula ndiyo usiseme. Siku moja waliletewa wali na maharage, bibi akala mpaka katikati ya sahani, akaweka kijiko. Mpaka ulinyooka kama umepigwa rula. Kulia peupe, kushoto wali umejaa.

"Chakula chao kidogo," bibi akalalamika. "Wanadhani wanalisha kifaranga."

Sindano akatazama sahani, akamtazama bibi. Akaigeuza sahani, wali ukahamia kulia.

"Ahaa, umeniongezea," bibi akasema, akaendelea kula.

Siku ya pili yake Sindano alikuwa amesimama nyuma ya pazia, anakunja nguo, daktari alipopita na wauguzi. Bibi alikuwa amesinzia. Daktari akauliza vipi huyu mama, yuko tayari kwenda nyumbani? Sista mmoja mnene, mwenye sauti ya upole, akajibu, "Anatembea vizuri, daktari, anameza vizuri, chooni anakwenda. Ila bado anaacha nusu ya sahani. Upande wa kushoto haujali. Tumwangalie kwanza. Akianza kumaliza chakula, tumpeleke kwa Dada Mpimaji."

Dada Mpimaji ndivyo wagonjwa walivyomwita yule mtaalamu wa kupima kama mtu anaweza kurudi kwenye shughuli zake za nyumbani. Alikuwa na chumba chake mwisho wa korido, na ndani yake mna jiko, kitanda, ngazi tatu za mbao zisizokwenda popote, na mlango usiotoka nje. Mgonjwa anaingia humo anaambiwa avae, apande ngazi, apike chai. Dada Mpimaji anakaa na fomu yake, anatazama. Akiridhika, daktari anakuruhusu. Asiporidhika, unarudi kitandani.

Sindano akasikia maneno ya sista, akayachukua kama mwanafunzi aliyeokota karatasi ya mtihani. Kumbe shida ni sahani.

Kuanzia siku hiyo hakukosa hata mara moja saa ya chakula. Bibi akifika katikati, sahani inageuzwa. Sista akija kukusanya vyombo anakuta peupe. "Hongera, bibi, leo umemaliza," anasema, anaandika kwenye faili. Sindano akamchana bibi nywele za kushoto. Akamvalisha sweta mkono wa kushoto kabla wauguzi hawajapita. Tena akawa anakaa kulia kwa bibi, kulia tu, ili akiitwa bibi ageuke haraka. Moyoni alijiona anamsaidia. Mtu akimuuliza angesema namsaidia bibi yangu, na asingekuwa anadanganya sana. Kidogo tu.

Siku ya tano sista akasema, "Kesho Alhamisi unakwenda kwa Dada Mpimaji. Ukifaulu, Ijumaa nyumbani."

Bibi akashika mkono wa mjukuu wake, akaubana. "Umesikia?" akasema. "Ijumaa. Nitalala kitandani kwangu, na anayekohoa akohoe peke yake."

Alhamisi mama hakupata ruhusa kazini, kwa hiyo aliyekwenda na bibi ni Sindano. Dada Mpimaji alikuwa mama wa makamo, amevaa viatu vya raba, haongei sana. Akamsalimia bibi shikamoo, bibi akaitikia na kumwambia kwamba gauni lake limekatwa vibaya begani, akitoka hospitali atamrekebishia. Dada Mpimaji akajishika bega, akacheka.

Kisha akamgeukia Sindano. "Wewe ndiye unayeijua nyumba. Nataka bibi apike chai kama anavyopika kwenu. Hebu nipangie vitu vikae kama vinavyokaa nyumbani. Hili jiko la gesi linahamishika, birika hili, vikombe hivi, majani, sukari. Bibi akisimama jikoni kwenu, jiko liko upande gani?"

Hapo ndipo alipotakiwa kusema. Nyumbani jiko lilikuwa kushoto, kando ya mlango wa uani, na ukitoka mlango huo kuna kidato kimoja kirefu, nacho kiko kushoto. Sindano alikijua kidato hicho, kimewahi kumng'oa ukucha.

"Kulia," akasema.

"Na vikombe?"

"Kulia. Vyote viko kulia."

"Nyumba yenu ina mpangilio wa ajabu," akasema Dada Mpimaji, lakini akaandika.

Bibi akapika chai. Tena aliipika huku anapiga soga. Akatia maji kwenye birika, akawasha jiko, akapima majani kwa jicho, akazima jiko bila kukumbushwa. Sindano alikuwa amekaa kwenye kiti, vidole kavifumba ndani ya viganja. Dada Mpimaji akaonja, akasema sukari imezidi, bibi akamjibu kwamba sukari haijawahi kuzidi kwenye chai ya mtu mwenye furaha. Wakacheka wote. Dada Mpimaji akaenda kwenye meza yake dirishani, akawapa mgongo, akaanza kujaza fomu.

"Basi, bibi, sioni sababu ya kukuzuia. Nampelekea daktari, kesho unaruhusiwa."

Bibi akageuka kumtafuta mjukuu wake, uso unang'aa. Alipogeuka, birika likawa kushoto kwake, na mkono wake wa kushoto, ule uliolegea, ukabembea ukaangukia kwenye birika. Birika lilikuwa la moto bado. Mkono ukalalia pale. Bibi hakuutazama. Alikuwa anamtazama Sindano, anatabasamu, anasema, "Mke mwenza, tumeshinda," na mkono unaungua.

Sindano aliruka, akauondoa. Nyuma ya kiganja palikuwa pekundu, na ngozi ilikuwa imeanza kuvimba lengelenge.

"Unanivuta nini?" bibi akauliza.

"Mkono wako, bibi."

"Mkono wangu umefanyaje?" Akatazama mkono wake wa kulia, akaugeuza huku na huku. "Mzima huu."

Dada Mpimaji alikuwa bado anaandika. Hakuona kitu. Sindano angeweza kuushusha ule mkono wa sweta, ukafunika lengelenge, wakarudi wodini, na kesho wakaenda nyumbani. Aliushusha kweli. Akamshika bibi kiwiko, wakaenda mpaka mlangoni, na bibi alikuwa anapanga atashona nini kwanza. Sindano akamwona Jumatatu amesimama jikoni anachemsha maji, likizo imeisha, yeye Sindano yuko shule na mama yuko kiwandani. Jiko liko kushoto. Mlango uko kushoto. Sindano alihesabu, akaona wiki nzima ina siku tano ambazo hakuna mtu wa kuuondoa ule mkono.

Akasimama. "Dada," akasema. "Nyumbani jiko liko kushoto."

Dada Mpimaji akageuka na kalamu yake.

"Na sahani nilikuwa naigeuza. Siku zote tano. Hamalizi. Nywele namchana mimi. Na mkono umeungua sasa hivi, hapo, kwenye birika, na yeye hajui."

Dada Mpimaji akaja haraka, akaupandisha mkono wa sweta, akatazama, akampeleka bibi kwenye bomba na kuushika ule mkono chini ya maji baridi yanayotiririka, muda mrefu. Kisha akavuta kiti, akakaa, akamweka Sindano mbele yake. Hakugomba. Labda angegomba ingekuwa rahisi zaidi.

"Macho ya bibi yako ni mazima," akasema. "Ubongo wake ndio umesahau kwamba kuna upande wa kushoto. Yeye hajui kama amesahau, kwa hiyo hawezi kutuambia. Sahani ndiyo ilikuwa inatuambia. Sasa wewe ukaigeuza, ukainyamazisha."

"Nilitaka arudi nyumbani."

"Najua. Hata mimi nataka. Lakini fomu hii ina swali moja kubwa: akiwa peke yake, atakuwa salama? Ulikuwa unamjibia wewe, na Jumatatu wewe hutakuwepo."

Akaichana fomu vipande viwili.

Bibi alikuwa amesikia yote. Alikaa pale na kitambaa kimefungwa mkononi. Walipofika wodini akalala, akageukia ukutani. "Wewe binti," akasema baadaye, "umenichongea." Siyo mke mwenza, siyo Sindano. Wewe binti. Sindano alirudi nyumbani kwa miguu, hakumjibu hata mlinzi wa getini, na mlinzi akabaki anajiuliza amemkosea nini.

Jioni alimweleza mama yake kila kitu. Mama alikuwa bado na unga kwenye nyusi. Akasikiliza mpaka mwisho, akashusha pumzi. "Na mimi niliona nywele zimechanwa vizuri mno," akasema. "Sikuuliza, maana na mimi nilitaka arudi." Kesho yake akaomba ruhusa kazini, safari hii akaikazania mpaka akapewa, wakaenda wote wawili.

Dada Mpimaji akawapa kazi. Alibandika utepe mwekundu kwenye ukingo wa kushoto wa sahani, wa meza, wa kitanda, hata wa mlango. Bibi akila, asiseme amemaliza mpaka ameuona utepe. Akitembea, ageuze kichwa mpaka kidevu kielekee bega la kushoto, atazame, ndipo apige hatua. Na Sindano akatolewa kule kulia alikozoea kukaa. "Wewe kaa kushoto," Dada Mpimaji akamwambia. "Nyamaza, usimsaidie. Mwache akutafute. Ukimwonyesha kabla hajatafuta, unamnyang'anya mazoezi yake."

Hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko kugeuza sahani. Siku ya kwanza Sindano alikaa kushoto kwa bibi muda mrefu, na bibi anazungumza na hewa ya kulia. Anauliza wali uko wapi na wali uko pale. Sindano anakalia mikono yake isinyooke. Siku ya pili bibi aligeuza kichwa kidogo, akachoka, akasema shingo yake haijaumbwa kwa mambo hayo. Siku ya nne sista aliacha chai upande wa kushoto, na bibi akawa anapapasa, anasonya, akageuza shingo pole pole, pole pole, akauona utepe, akaiona chai, na nyuma ya chai akamwona mtoto amekaa ametulia.

"Tangu saa ngapi uko hapo?" akauliza.

"Tangu nilipotoka shule."

"Na unanitazama nahangaika?"

"Ndivyo nilivyoambiwa, bibi."

Bibi akanywa chai yake, akafikiri. Akautazama mkono wake wa kushoto, ule wenye kidonda kilichoanza kukauka. Alikuwa hajawahi kuutazama vile, kama mtu anayekutana na jirani aliyehama zamani. "Hiki kilinipata siku ile?"

"Ndiyo."

"Na sikusikia kitu. Mke mwenza, sogeza kiti. Lakini usihamie kulia, maana nitaambiwa nimeibia."

Ilichukua wiki mbili na siku tatu. Katikati ya hapo Dada Mpimaji alikwenda nyumbani kwao kwa miguu yake, akapima kidato cha uani, akaita fundi seremala akakiongezea kidato kingine na mbao ya kushikilia. Jiko akaliacha kushoto palepale. Mama akasema si tulihamishe tu? Dada Mpimaji akajibu kwamba jiko wanaweza kulihamisha, lakini barabara ina kushoto, na soko lina kushoto, bora bibi ajifunze.

Mtihani wa pili bibi alisimama kwenye kile chumba, jiko limewekwa kushoto. Hakupiga soga. Aligeuza kichwa, akatafuta, akaona. Aliushika mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, akauweka mbali na moto, kama mtu anayemweka mtoto pembeni. Chai ilichelewa sana. Dada Mpimaji akajaza fomu mpya, na safari hii hakuwapa mgongo.

Siku ya kurudi, bibi hakutaka kupumzika. Akaenda moja kwa moja jikoni, akasema wageni wakae. Wageni wenyewe ni Sindano na mama yake. Wakakaa. Wakasikia mkongojo, wakasikia maji, wakasikia kiberiti, wakasikia kimya kirefu, na mama akataka kuinuka, Sindano akamshika gauni. Nusu saa nzima. Halafu bibi akatokea mlangoni, akaketi, akawaamuru waende kuchukua vikombe vyao, yeye si mhudumu.

"Nilikukasirikia sana wewe," akamwambia Sindano walipokuwa wanakunywa. "Ulinichelewesha wiki mbili na siku tatu, nilizihesabu. Lakini ningerudi ile Ijumaa yako, huenda Jumatatu ningerudi hospitali nimeungua, au nisirudi kabisa. Kwa hiyo sikiliza, na wewe mama yake sikiliza. Mkiulizwa habari za mgonjwa, semeni alivyo. Msiseme mnavyotaka awe. Daktari hana kingine cha kushika ila maneno yenu na anachokiona. Mkimficha daktari ukweli, mnamficha mgonjwa, na yeye ndiye atakayelipa. Kama unampenda mtu, sema kweli juu yake hata kama itamkasirisha. Atakasirika, halafu atapona, halafu atapata nafasi ya kukusamehe."

"Umenisamehe?" Sindano akauliza.

"Kunywa chai."

Sindano akanywa. Sukari ilikuwa imezidi, imezidi kweli. Hakuna aliyesema kitu, na vikombe vyote vitatu vikaisha.